Ombwe la Mtumba

Karakana ya Zdzisław iko nyuma ya bohari la makaa,
Zabrze, mtaa wa matofali meusi.
Mtaka cha mvunguni: kweli niliinama.
Pampu ilikuwa chini ya meza, imefunikwa blanketi la farasi,
nzito kama mtoto aliyegoma kubebwa.

"Ya kiwanda cha taa," alisema.
"Miaka kumi na tisa imenyonya hewa kwenye balbu.
Walipofunga, mishahara ya mwisho walitulipa kwa vyuma."

Sikuja kusikiliza historia.
Nilikuja na tochi, kitambaa cheupe, na zloti mia nne
nilizozigawa mifuko miwili, ili nikisema "sina zaidi"
mfuko mmoja uwe unasema kweli.

Nikachovya kitambaa kwenye oili: nyeusi,
lakini hainuki asidi.
Nikazungusha kapi kwa mkono: likakataa, likakubali.
Nimeshauziwa mbuzi kwenye gunia, mimi. Opole, mwaka juzi,
rangi mpya ya kijani juu ya ufa;
na jamaa yule alinibebea mzigo hadi kituoni, akitabasamu.

"Iwashe."
"Kwa baridi hii? Ipe muda, oili imeganda."
Akaisogeza karibu na jiko, kama mgonjwa wa nyumbani,
tukanywa chai.

Akauliza nataka kunyonya nini.
Nikainua gilasi yangu. Hiki kilichomo humu, nikasema,
kinachokunyima usingizi. Nataka kukitoa majanini,
kipande kama mvuke bila kuungua,
kitue juu ya kioo baridi, sindano nyeupe.
"Halafu?"
"Halafu nikitazame."
Akanyamaza kidogo. Akaniongezea sukari.

Ilipoamka ilikohoa moshi, ikaguna,
ikajikalia katika mngurumo wake.
Akaunga mpira kwenye chupa nene yenye maji ya bomba.
Tukangoja.
Maji yakachemka.
Hakuna moto. Mapovu makubwa, yenye hasira,
na chupa nilipoigusa ilikuwa baridi kuliko vidole vyangu.
Shuleni nimewaandalia watoto jaribio hili mara ishirini,
na bado nilitoa sauti.

Wanasema debe tupu haliachi kuvuma.
Debe lile lina hewa tele.
Utupu wenyewe hauvumi; tia kengele ndani yake
uone itakavyojipiga bure.
Kelele zote ni za anayeutafuta.

"Mia tano."
"Mia tatu."
"Mia tatu na hamsini, nami nikutajie ugonjwa wake."

Mfuko wa kwanza wote, na robo ya wa pili.
Akachana ukanda wa karatasi ya gundi, akaandika kwa penseli ya seremala,
akaubandika ubavuni:
*Sili ya nyuma huvuja kwenye baridi. Usiilazimishe.*
Nilikuwa nimeshalipa. Angeweza kuninyima hata hilo.

Majira manne ya theluji.
Sindano zangu zimo katika kichupa kisichojaa kijiko,
na sijawahi kumwonyesha mtu.
Sasa nahamia ghorofa ya nne, majirani wana masikio,
na leo amekuja Gniewko, miaka kumi na minane,
ana kigari cha theluji, tochi,
na karatasi ya chooni badala ya kitambaa.

Anachovya. Ananusa. Anazungusha kapi.
Mfuko wake mmoja umetuna, mwingine umelala bapa.
"Ina tatizo lolote?"

Ukanda ule ulishaliwa na oili zamani.
Hakuna shahidi humu ndani ila jiko,
na leo jiko limewaka vizuri, sili imekauka,
ningeweza.
Ninafungua kinywa, na neno linafanya kama lile kapi:
linakataa.

"Lete mkono," namwambia. "Hapa, nyuma,
chini ya boliti ya tatu. Subiri ipoe.
Unasikia unyevu?"

Anausikia.
Hapo hapo zloti hamsini zikanitoka.